Žurko Huamka Kwenye Tano

Jumanne, 16 Septemba 1958

Daftari hili lilikuwa la kuandikia namba za michoro. Sasa michoro yenyewe inaelekea kukosa pa kuchorwa, basi bora nilijaze manung'uniko yangu kuliko kumjazia mdogo wangu Blanka, ambaye ameshachoka kunisikiliza tangu mwaka juzi.

Asubuhi Vilko Hrgović, mwongozaji wetu, ameingia chumba cha rangi bila hata kuvua koti, akatangaza kwamba sanduku la seluloidi halijafika kutoka nje na huenda lisifike kabla ya mwaka mpya. Seluloidi ni zile karatasi angavu tunazopakia rangi. Mchoro mmoja, karatasi moja. Mtu akiinua mguu, karatasi. Akifumba jicho, karatasi nyingine. Bila hizo hakuna katuni, kuna wanawake wanne tu wamekaa na brashi zao.

"Zimebaki mia mbili," akasema. "Itabidi tubane."

"Tubanie wapi, Ndugu Vilko?" akauliza mama Đurđa, ambaye ndiye mkubwa wetu na haogopi mtu. "Au Žurko atembee kwa mguu mmoja?"

Wote tukacheka, hata Vilko.

Žurko ndiye mhusika wetu wa sasa. Ni kibwana mfupi mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, na jina lake limetokana na haraka. Kamati ya usalama barabarani imeagiza filamu ya kufundisha watoto wa shule kuvuka barabara, maana magari Zagreb yameongezeka kama uyoga na watoto bado wanacheza katikati ya njia kama zamani za farasi. Žurko anavuka bila kutazama, anarukia tramu ikiwa inakwenda, anasoma gazeti huku akitembea. Pembeni yake kuna Micika, msichana mwenye mikia miwili ya nywele, anayesimama ukingoni, akatazama kushoto, kulia, kisha kushoto tena. Mwisho Žurko anagongwa na lori na haamki. Kofia yake inaviringika peke yake hadi miguuni pa Micika, basi. Mwisho huo kaubuni Vilko mwenyewe, na lazima nikiri kwamba ni mzuri.

Kabla hajatoka alinigusa bega. "Jagoda, safari hii jina lako litakuwemo mwanzoni. Nimeshasema."

Nina miaka sita hapa na filamu kumi na moja. Jina langu halijawahi kutokea, hata kwa herufi za kusomea na miwani. Ahadi ni deni. Nitamdai.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Vidole vimechubuka kwa soda ya kuoshea michoro.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo tumeosha filamu ya mwaka jana, ile ya dubu anayepiga mswaki. Kwetu hapa ndivyo ilivyo: picha zikishapigwa kamera, michoro inatiwa kwenye bafu la bati uani, maji ya moto na soda, tunasugua kwa pamba mpaka karatasi iwe safi, kisha inapakwa kitu kingine. Dubu wangu nilimpaka rangi kwa miezi minne. Ametoka kwa mchana mmoja, na maji yakawa ya kahawia kama ya mtoni baada ya mvua.

Tumepata karatasi nzima arobaini na saba. Zilizobaki zina mikwaruzo, kamera haizitaki.

Jumatano, 24 Septemba

Nitaandika jambo nisilolisema kazini: nampenda Žurko.

Leo nimemaliza kupaka mwendo wake. Hatua mbili ndefu, moja fupi, kisha kofia inaruka na kumrudia kichwani yenyewe. Niliporusharusha karatasi kwa kidole gumba akatembea, na wanawake wote wakaacha brashi. Huyu mtu hasimamishwi na chochote. Filimbi ya askari inapulizwa, yeye kashapita. Sisi maisha yetu yote ni kusimama: foleni ya mkaa, foleni ya nyumba, mlango wa ofisi ulioandikwa "subiri". Nadhani ndiyo maana mkono wangu unakwenda wenyewe ninapompaka. Micika nampaka kwa sababu ni kazi. Masikini Micika, hana kosa, lakini nani atake kuwa Micika?

Nimekuja na karatasi kadhaa za penseli nyumbani kumwonyesha Višnja. Ni binti wa Blanka, ana miaka saba, na kwa kuwa mimi sikuolewa wala sikuzaa, ananila moyo wote. Tunaishi pamoja, mimi, Blanka, mumewe Drago na mtoto, vyumba viwili na jiko, mtaa wa Trešnjevka. Alizirusharusha mpaka ncha zikakunjika.

"Mama mkubwa, anakimbilia wapi?"

"Hajui."

"Sasa mbona amefurahi hivyo?"

Blanka alikuwa anakatakata kabichi la kutia pipani lichachuke. Hakuinua kichwa. "Mchoreeni kitu cha kumwogopesha, dada. Malori ya matofali yanapita hapo nje tangu alfajiri, na huyu mtoto hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini."

Nikamwambia angoje, lori letu litamtisha hata yeye.

Jumapili, 28 Septemba

Ukungu wa kwanza. Njugu za kuchoma kona ya soko.

Alhamisi, 2 Oktoba

Leo ni siku ya kuandika kwa kirefu.

Karatasi zimebaki kumi na moja. Mwisho wa filamu unahitaji tisini: lori, kofia inayoviringika, watu wanaokusanyika, Micika anayeinama. Kamati inakuja tarehe kumi na moja. Vilko alitupa rula ukutani ikavunjika, akaketi kwenye kiti changu, kitu ambacho hajawahi kukifanya, akashika kichwa.

"Nimekwisha," akasema. "Nitawaonyesha nini? Lori linakuja, halafu giza? Watafikiri mashine imeharibika."

Mama Đurđa alikuwa anatoka na furushi la karatasi kwenda bafuni. Nilimwona mlangoni nikajua zile ni zipi. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya filamu, Žurko anaamka asubuhi. Amelala ubavu, mkono chini ya shavu, anafumbua jicho moja, anakaa, anasimama, anajipangusa nguo, anainamisha kichwa kusalimu. Karatasi ishirini na nane, nimezipaka mimi zote. Zilishapigwa kamera, zilikuwa zinakwenda kuoshwa.

"Mama Đurđa, usizioshe hizo!"

Nilizichukua, nikatoa ile ya kwanza, nikaiweka juu ya mchoro wa barabara. Kitanda, lazima niseme, hakikuwa kwenye karatasi angavu. Kilikuwa kwenye mchoro wa chini. Ukikiondoa, anabaki Žurko peke yake amelala. Akawa amelala katikati ya lami, mkono chini ya shavu, kana kwamba lami ni mto wa manyoya.

Vilko akasimama polepole. "Endelea."

"Lori linapita. Analala. Watoto watadhani amekufa. Kisha anafumbua jicho, anakaa, anajipangusa, anawasalimu na anakwenda zake. Hatuhitaji hata karatasi moja mpya ya Žurko. Hizo kumi na moja zinatosha lori."

"Atalala muda gani?"

"Hesabu ya tano. Kulala hakuli karatasi. Ni mchoro mmoja, kamera iutazame mpaka tuchoke."

Akacheka. Alinishika uso kwa mikono miwili akanibusu kipaji cha uso mbele ya wote. "Jagoda, umeniokoa! Wallahi umeniokoa."

Mama Đurđa hakucheka. "Ngojeni kwanza. Mtu akigongwa na lori haamki."

"Kwenye katuni huamka," nikasema.

"Na mtoto atajuaje kwamba ni kwenye katuni tu?"

"Mama Đurđa, watoto si wajinga."

"Sijasema ni wajinga. Nimesema ni watoto."

Nikamwambia asituharibie siku, na kwamba yeye kazi yake ni bafu. Nilisema hivyo hivyo, mbele za watu, kwa mwanamke aliyenizidi miaka ishirini. Aliweka taulo begani akatoka. Furaha ilinizidi, hata sikuona aibu.

Nilipokuwa navaa koti nikamkumbusha Vilko jina. Akaweka mkono kifuani.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ndugu Matošec wa kamati amekuja na mkoba na uso wa mazishi. Alitazama Žurko akivuka, akaandika. Alitazama Micika, akaandika. Lori likapita, Žurko akalala. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Jicho likafumbuka. Matošec alicheka mpaka akavua miwani kujifuta.

"Kwenye maandishi mliyotuletea alikufa," akasema.

"Tulifikiri tena," akajibu Vilko. "Watoto wasiogopeshwe."

"Sahihi kabisa. Mtoto wa nchi yetu aelimishwe kwa furaha."

Akaweka sahihi. Blanka alipouliza kama lile lori linatisha, nilimwambia ataona.

Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Ukungu umejaa makaburini Mirogoj, watu wanaonekana magoti na mishumaa tu. Tumempelekea mama maua ya krizantemu. Jina lake kwenye jiwe limefifia, nikalipaka rangi upya kwa brashi ya kazini. Drago akasema angalau jina la mtu mmoja wa ukoo wetu linasomeka. Ana mdomo huyu shemeji.

Jumamosi, 15 Novemba

Ukumbi wa sinema ulijaa watoto wa shule tano. Nilimvisha Višnja kola nyeupe, nikamweka karibu nami, na nikamwambia: "Mwanzoni soma kwa sauti. Utaona jina unalolijua."

Taa zikazimika. Višnja ni msomaji mzuri, alisoma yote. Maandishi ya Vilko Hrgović. Michoro ya Vilko Hrgović. Mwongozaji Vilko Hrgović. Muziki wa fulani. Kisha kofia ya Žurko ikapita kwenye pazia na filamu ikaanza.

"Mama mkubwa, jina lenyewe liko wapi?"

"Kaa kimya utazame."

Sikuona dakika tano za kwanza. Masikio yaliwaka moto. Kisha watoto wakanirudisha. Sijawahi kusikia kitu kile. Kila Žurko aliporuka ukumbi uliruka. Tromboni ilipolia kwa hatua zake, miguu mia nne ikagonga sakafu pamoja naye. Micika aliposimama kutazama kushoto na kulia, mvulana mmoja akapiga kelele, "Tumechoka nawe!" na walimu wenyewe wakacheka.

Lori likaja. Žurko akalala barabarani na ukumbi ukawa kimya kabisa. Nilisikia mtoto nyuma yangu akivuta pumzi. Jicho likafumbuka, na paa likataka kuruka.

Ikaonyeshwa mara ya pili, kwa kuwa walikataa kutoka. Safari hii hawakunyamaza. Alipolala walihesabu, wote, bila kufundishwa na mtu: "Moja! Mbili! Tatu! Nne! TANO!" Akaamka kwenye tano kama aliyeamrishwa. Višnja alikuwa amesimama juu ya kiti. Ni mimi niliyesema tano.

Vilko alipanda jukwaani. Mwalimu mmoja akamuuliza wazo lile la kuamka alilitoa wapi. Akasema lilimjia tu, siku moja, akiwa amekaa kwenye kiti. Hapo hakudanganya kuhusu kiti.

Nilimngojea kwenye ngazi.

"Na jina langu?"

"Jagoda, jamani. Kila jina ni karatasi yake. Zilikuwa hazitoshi, unajua mwenyewe."

"Lako limetosha mara tatu."

"Usiwe mdogo," akasema, na akaniacha, maana wapiga picha walikuwa wanamwita.

Jumapili, 16 Novemba

Sina la kuandika linaloandikika.

Alhamisi, 20 Novemba

Uani kwetu hawachezi tena kitu kingine. Kofia za baba zao zimehamia vichwani mwao. Mmoja anakuwa lori, mmoja Žurko, Micika hana mtu. Wamempa cheo hicho paka wa mwenye duka. Leo nimesimama dirishani nikawatazama wakimhesabia Višnja, na moyo wangu ulijaa kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sinema. Vilko amechukua jina, lakini hawa watoto wananichezea mimi bila kujua.

Nilishuka uani. Višnja alikuwa amelala chali, mikono huku na huku.

"Sivyo," nikamwambia. "Lala ubavu. Mkono chini ya shavu. Hivyo. Na tabasamu kidogo, anaota huyu. Na usiharakishe kuamka. Utamu wote uko kwenye kungoja."

"Umejuaje, mama mkubwa?"

"Mimi ndiye niliyelibuni wazo hilo. Vilko alikuwa amekaa amejishika kichwa, nikamwambia: hesabu ya tano."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia mimi ndiye niliyeumba theluji. Akawageukia wenzake akapaza sauti, "Ni mama yangu mkubwa aliyembuni! Si yule bwana!" Nilikaa siku nzima na utamu wa hilo mdomoni.

Blanka alinisema jikoni. "Ningependa ajifunze kutazama kushoto na kulia, dada."

"Anajua. Muulize."

Akamuuliza. Višnja akajibu kushoto, kulia, kushoto, haraka haraka, kama mtu anayesali ili aruhusiwe kula.

Jumamosi, 29 Novemba

Sikukuu ya Jamhuri. Filamu imeonyeshwa tena mara mbili, Višnja sasa ameiona mara nne. Vilko amepewa nishani ya kuning'iniza ukutani na picha yake imo gazetini, anashika kofia ya Žurko. Nimefungia viazi gazeti hilo.

Jumamosi, 6 Desemba

Mtakatifu Nikola, siku watoto wanapowekewa zawadi kiatuni. Kiatu cha Višnja dirishani kilijaa njugu na tini. Nilimshonea kofia nyeusi ya Žurko, ya ukubwa wake, ili aache kuiba ya baba yake. Hakuivua hata mezani.

Jumatano, 10 Desemba

Naandika ya jana kwa sababu jana sikuweza.

Ukungu ulikuwa mzito tangu asubuhi. Nilishuka kwenye tramu saa kumi jioni na nikaona watu kwenye njia panda yetu. Nilifikiri ni mkaa umeletwa.

Yaliyotokea nimeambiwa na Ankica, mwenye duka, aliyekuwa mlangoni pake. Watoto walikuwa wanatoka shule. Višnja alivuka mbio, hatua mbili ndefu na moja fupi, bila kutazama. Mzee mmoja kwenye baiskeli akamgusa kwa gurudumu, mtoto akaanguka. Hakuumia hapo. Ankica anaapa kwamba hakuumia, kwa kuwa alimwona akiisogeza kofia na kujigeuza ubavu.

Mzee aliiangusha baiskeli. "Mtoto, inuka! Uko katikati ya njia!"

"Bado!" wakapiga kelele wenzake kutoka ukingoni. "Babu, bado! Ngoja tuhesabu!"

Wakahesabu. Ankica alisikia moja, akasikia mbili, akacheka, Mungu amsamehe, maana naye aliiona filamu. Kwenye tatu alisikia lori. Lilikuwa la matofali, na katika ukungu ule taa zake hazikuonekana mpaka lilipofika dukani. Yule mzee alimshika Višnja mkono akamvuta. Alimvuta kichwa na kiwiliwili. Mguu wa kushoto haukuwahi.

Wameukata chini ya goti. Ataishi. Hayo maneno mawili daktari aliyasema pamoja, kwa pumzi moja, na Blanka akakaa sakafuni mwa hospitali na koti lake la kazini. Nilitaka kumshika. Drago akaniambia, "Muache tu, shemeji." Yeye na Blanka bado hawajaambiwa habari ya mchezo. Wanafikiri ni ukungu.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimeruhusiwa dakika kumi. Ni mdogo sana katika kile kitanda cha chuma. Blanka alikwenda kumtafuta nesi, tukabaki wawili.

"Mama mkubwa, walifika nne."

"Usiseme sana."

"Wangefika tano ningeamka. Babu yule ndiye aliyeharibu. Nililala vizuri, ulivyonionyesha. Mkono nao niliuweka."

Nilimwekea maji.

Jumatatu, 15 Desemba

Mkutano kazini, saa nne asubuhi. Matošec alikuja na uso wake wa mazishi, safari hii kwa haki. Kumbe si Višnja peke yake. Walimu wa shule mbili wameandika barua: watoto wanalala barabarani na wenzao wanahesabu. Mvulana mmoja kapasuka kichwa. Filamu imezuiwa. Sasa kamati inataka kujua mwisho ulibadilishwa na nani baada ya maandishi kukubaliwa.

Nilimtazama Vilko. Alikuwa anatazama kucha zake.

"Ndugu Hrgović, gazetini ulisema wazo lilikujia wewe."

"Magazeti yanafupisha mambo," akasema Vilko. "Mimi niliandika kifo. Maandishi yapo, mlinisainia. Wazo la kuamka, na la hesabu ya tano, lilitoka chumba cha rangi. Ni la Ndugu Jagoda Petrinec."

Mpiga chapa wa kamati, aliyekuwa na mashine yake mezani, akauliza jina kamili. Vilko akalirudia vizuri, jina na ukoo, taratibu, kama anayemsomea mtoto imla. Nilisikia mashine ikilipiga, herufi moja moja. Miaka sita nilikuwa nalisubiri.

Mama Đurđa alisimama. "Na nani aliyembusu kipaji cha uso kwa wazo hilo? Andikeni na hiyo!"

"Kaa chini, mama Đurđa," nikasema. "Ni kweli. Ni langu."

Matošec akanisukumia karatasi. Hakusema kwamba yeye alicheka mpaka akavua miwani, nami sikumkumbusha. Ningemkumbusha ili iweje? Vilko ni mwizi na mwoga, na hilo nitalisema mpaka nife, lakini si yeye aliyemlaza Višnja ubavu akamwambia atabasamu. Niliweka sahihi. Ndiyo karatasi ya kwanza ya filamu ile yenye jina langu.

Jumanne, 16 Desemba

Theluji. Sanduku la seluloidi limefika kutoka nje. Karatasi elfu mbili.

Hata hivyo wameagiza akina Žurko wote waoshwe, leo leo, asibaki hata mmoja. Nimepewa mimi. Mama Đurđa hakupaswa kuja uani, lakini alikuja, akakunja mikono ya nguo, akaingiza mikono kwenye maji karibu na yangu. Nilimwomba radhi kwa lile la Oktoba. Akasema nisugue, maji yanapoa.

Lori lilitoka kwanza. Mwendo ule wa hatua mbili na moja ulitoka. Micika alitoka kwa urahisi, nilimpaka rangi kidogo. Nilibakiwa na ile moja, amelala, mkono chini ya shavu. Nimeitazama muda mrefu. Nilimchora mtoto wetu miezi mitatu kabla ya ajali.

"Na hiyo," akasema mama Đurđa.

Nikaiosha.

Alhamisi, 18 Desemba

Blanka amenisubiri jikoni. Hajasema nami tangu siku ile, leo amesema akiwa amesimama, mkono kwenye pipa la kabichi.

"Ankica ameniambia alivyolala. Ubavu, mkono chini ya shavu, anatabasamu. Wale watoto wengine wote huanguka chali, nimewaona. Nani alimfundisha yeye hivyo?"

Ningeweza kusema filamu. Ameiona mara nne, ingetosha. Hakuna aliyesikia uani isipokuwa watoto. Ningebaki na kitanda changu, na jiko hili, na mtoto kunikimbilia mlangoni, kama atakimbia tena.

"Ni mimi," nikasema.

Hakupiga kelele. Ningeomba apige. Aliendelea kunitazama kama anayehesabu, kisha akasema, "Hama kabla hajarudi. Na uende ukamuage, asije akafikiri amekukosea."

Jumamosi, 20 Desemba

Mama Đurđa amenipa kitanda cha jikoni kwake. Sanduku moja la nguo, brashi, daftari hili.

Nilipitia hospitali kuaga. Višnja alikuwa amekaa, ameegemea mito miwili, na ile kofia niliyomshonea iko juu ya kabati. Wameifua lakini haikutakata. Nilimwambia nakwenda kukaa karibu na kazini, ni kazi nyingi.

"Utamchora tena Žurko?"

"Kwa nini?"

Alilitazama blanketi, pale linapolala bapa mapema upande mmoja.

"Ukimchora, asingoje tano. Mwambie aamke kwenye moja."

Nikamwambia nitamchora. Nikamwambia karatasi zote ninazo.